Himaya Iliyofika Kwapani

Kwa fundi wangu wa nguo, Mkongo wa Jules Street, alikuja Mkorea akitaka adariziwe kifuani mwa shati lake ramani ya himaya ya kale ya Korea. Kila fundi alipochora mpaka kwa chaki, mteja alisukuma kidole magharibi.

"Bado. Hata huku China kulikuwa kwetu."

"Patron," fundi akalalamika, "nchi yako imeingia kwapani!"

Tukacheka. Mrundi aliyeleta suruali ipunguzwe akadakia, "Hata mwami wetu zamani alitawala mpaka Uvira."

Fundi, mzaliwa wa Uvira, akaweka mkasi chini. "Eish! Huo uongo."

Jana nimepita tena. Shati la Mkorea liko tayari, himaya imezunguka hadi mgongoni. Suruali ya Mrundi haijaguswa. Ukuu wa watu wa mbali hushonwa upesi. Wa jirani hukosa uzi.