Mijusi ya Baridi ku Njia ya Kasenga

Bantu banauliza juu ya nini muzee sawa miye nilitoka mu baridi ya mwezi wa saba kuenda kutafuta mijusi. Njo juu ya Odile, mutoto ya binti yangu Agnes. Anasoma mambo ya banyama ku université, na mu mvua, wakati mijusi inatembea, alikuwa mugonjwa, akachelewa. Profesere akamuambia: lete mujusi muzima wa kilima ya shaba, ao urudilie mwaka. Miye kurudilia ninajua; nilirudilia, kiisha nikaachia masomo palepale.

Asubui tukapanda bisi ya Kasenga, masikio inauma na baridi. Tukashuka ku kilima ya shaba, kule miti haioti, majiwe tupu sawa jangwa. Odile akageuza majiwe mpaka kucha ikatoka damu. Chini ya moja tukakuta mijusi tatu, migumu sawa bijiti.

"Kambo, yote ilikufa," akaniambia miye babu yake, akalia.

Nikaiweka mu saki yangu ya nguo, aonyeshe profesere ata maiti.

Mangaribi tulifikia kulala kwa Papa Mulenga, muchoma makala ya kupikia, na bibi yake Mama Sofi. Kwetu mugeni wa baridi anapewa nafasi karibu na mbabula yenye makala ya moto, na saki yake pia, nguo za kesho zipate moto. Mama Sofi akaisogeza pale, pembeni ya mutoto wake mwenye kulala ku mukeka. Niliona, nikamushukuru. Maiti, moto itaifanya nini?

"Muzee," Mama Sofi akanicheka aliposikia kazi yetu, "ku Lubumbashi nyama inakosa mpaka munakuja kula mijusi yetu?"

Tukiwa tunakula bukari, saki ikatikisika. Mijusi mbili zikapanda ku majani ya nyumba. Ya tatu ikapita juu ya kifua ya mutoto. Papa Mulenga alizania nyoka. Akakamata muti ya kutwanga, mujusi ikaruka chini, akainua apige. Odile akaifunika na mukono yake, muti ikaanguka juu ya ule mukono.

Nilisikia kidole ikivunjika. Nimezika bantu wengi, lakini ile sauti ingali mu masikio yangu. Mukono haukufunguka.

Papa Mulenga akaachilia muti. "Mutoto, uko na akili kweli?"

"Unisamehe, Papa. Hii mujusi njo mwaka yangu."

Papa Mulenga mwenyewe akamufunga kidole na bijiti.

Kesho yake tukarudi, mujusi mu pulovere ya Odile, ku tumbo, mu joto. Miye nilizania masomo ni kukaa ku kiti na kuandika. Mu bisi nilikuwa namuangalia tu.

Ku mulango Agnes akaona ile mukono.

"Mwanangu, kidole yako?"

Odile akafungua kwanza pulovere, akachungulia ndani.

"Iko muzima, mama."