Misa ya Tumbo Tupu

Mama alivuka mpaka kutoka upande wa Butembo akiwa mjane, akauza makayabo, wale samaki wa chumvi, katika soko la Bwera, upande wa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alianza kukonda. Alimaliza mtungi wa maji kwa siku, na kiu haikuisha. Majirani walisema amerogwa. Mimi nilikuwa nimeolewa Kilembe, mume wangu akifanya kazi mgodini, nikampeleka hospitali ya huko.

Muuguzi alichemsha mkojo wake na dawa ya buluu. Ikageuka rangi ya tofali.

"Ni ugonjwa wa sukari," alisema. "Hauponi, lakini mtu huishi nao."

"Miye sinywake chai ya sukari," mama akamjibu. "Itatoka wapi?"

"Hata muhogo na matoke hugeuka sukari ndani ya damu, mama. Mwili wako umeshindwa kuitumia. Sindano itakusaidia."

Alijifunza kuchemsha bomba la kioo na kujidunga pajani. Chupa ya dawa aliihifadhi ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga wenye maji, isipate joto. Muuguzi alimsisitizia jambo moja: akishajidunga, ale.

Jumapili moja nilikuwa kwake Bwera. Alijidunga, akajifunga kitenge, akachukua rozari.

"Mama, umekula?"

"Nitakula nikitoka ku misa. Komunyo haipokelewe na tumbo ya kushiba."

Ndivyo alivyofundishwa utotoni. Sikubishana naye.

Kanisani, kabla ya mahubiri, alianza kutoka jasho, mikono ikamtetemeka. Kisha akacheka peke yake, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa.

"Amekunywa pombe?" mwanamke aliyeketi karibu nasi aliuliza.

Nilimtoa nje nikimshika kiunoni, nikamkalisha kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Nikaomba sukari, nikaikoroga kwenye kikombe cha maji. Yule mwanamke alikuwa ametufuata.

"Si walimukataza sukari? Unataka kumuua?"

"Sasa imemwishia mwilini," nilisema. "Sindano imeimaliza, na hakuna chakula."

Mama bado aliweza kumeza. Alikunywa kidogo kidogo. Baada ya muda akauliza kwa nini kitenge chake kimelowa jasho.

Misa ilipokwisha nilimweleza padri. Alimwambia mama, bila kupaza sauti, kwamba mgonjwa hafungi. Muuguzi naye alikuwa amemwambia ale, lakini neno la padri ndilo alilolishika. Tangu siku hiyo alikula viazi vya kuchemsha kila alipojidunga, hata Ijumaa Kuu.

Dawa ilipoadimika Uganda, alivuka mpaka kuitafuta katika hospitali ya misheni. Kidonda cha kandambili kilimpotezea vidole viwili vya mguu; hakuhisi kilipoanza, maana sukari ilikuwa imeitia miguu ganzi. Baada ya hapo alivaa viatu vya kufunika na kukagua nyayo zake kila jioni, nami nikimshikia kioo nilipokuwapo. Aliishi hivyo miaka kadhaa.

Siku ile ya misa hatukuizungumzia tena. Kanuni ya muuguzi niliijua tangu asubuhi ile, nami nilinyamaza.