Ndoyi Aliyechunga Maji ya Mama

Nilimwahidi mama yangu kwamba samaki wake nitawalisha kwa mkono wangu mwenyewe, na kwamba sitamwachia mtu mwingine kazi hiyo hadi atakaporudi kutoka Lusaka. Ahadi hiyo niliitoa nikiwa nimesimama mlangoni pa basi, mchana, mbele ya abiria wenzake. Yote nitakayoeleza yanatokana nayo, na yote yalitokea. Najua jinsi maneno haya yanavyosikika yakitoka kwa mtu aliyesomea ualimu chuo kikuu. Mimi mwenyewe niliwacheka wanafunzi wenzangu waliosimulia habari za namna hii. Basi nicheke ukitaka, lakini nisikilize mpaka mwisho. Jina langu sitalitaja. Utaelewa kwa nini.

Kwetu ni Katuba, mjini Lubumbashi. Tangu baba alipofariki tulibaki wawili tu, mama na mimi. Sebuleni kulikuwa na akwariamu, tangi la kioo kubwa kuliko kitanda cha mtoto, lenye samaki wadogo wa rangi kutoka ziwa Tanganyika. Usidhani kwamba kulitunza tangi kama hilo ni kazi nyepesi. Maji ya bomba lazima yalale kwanza ndani ya bidoni, madumu yetu ya plastiki, dawa iliyomo itoke, ndipo yamiminwe. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikanyamaza, mtu huchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, ili samaki wapumue. Mama aliifanya kazi hiyo kwa subira niliyoizoea tangu utotoni, huku akizungumza na maji kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumuuliza anasema nini. Nani humuuliza mama yake maswali kama hayo?

Kisha macho yake yakaanza kufunikwa na ukungu. Dada yake aliyeko Lusaka akampatia daktari huko, na matibabu yalikuwa ya muda mrefu. Ndipo tulipofika kwenye mlango wa lile basi.

"Mutoto wangu," alisema, "hii maji haizoee mukono ya muntu wa inje. Utaichunga weye mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema: nitachunga miye mwenyewe."

"Nitachunga miye mwenyewe."

Abiria mmoja akacheka. "Eh, mama! Njo unamulapisha mutoto juu ya samaki?"

Wote wakacheka. Mama hakucheka.

Niliitimiza ahadi yangu kwa uaminifu, hadi ujumbe ulipofika kutoka Mitwaba, kaskazini kabisa, ambako shule moja ilikuwa haina mwalimu wa madarasa ya mwisho. Watoto walikuwa wakija asubuhi, wakikaa, wakirudi nyumbani bila kufundishwa. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba mtu aliyesoma kwa jasho la wengine hawezi kuisikia habari hiyo na kuendelea kulisha samaki. Nilijiambia kwamba mama angeelewa. Hata hivyo sikumpigia simu kumuuliza.

Kwanza nilimwendea jirani yetu, Mama Solange, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usiofungwa.

"Samaki ya kuangalia tu, bila kula?" aliniuliza. "Prof, uilete hapa, Jumapili moja utaikuta mu sahani, na bukari."

"Mama Solange, nasema kweli."

"Na miye nasema kweli. Ile maji ya mama yako naiogopa. Inaangalia bantu."

Nilicheka. Niliporudi kwetu nilifungua bomba la uani nikaanza kujaza bidoni. Watu hudhani kwamba mambo haya hutokea usiku. Haya yalitokea jua likiwa juu, nguo za majirani zikikauka kwenye kamba. Nilipoinua kichwa, mwanamume wa rika langu, au aliyenizidi kidogo, alikuwa amesimama nje ya geti. Hakubisha hodi. Alisubiri tu, kama mtu aliyezoea kusubiri.

"Yambo," alisema.

"Yambo sana. Unatafuta nani?"

"Nasikia unatafuta muntu wa kuchunga maji."

Niamini, neno hilo nililisikia vizuri. Hakusema samaki. Alisema maji. Lakini bidoni zilikuwa mbele yangu, nikaona ni kawaida. Nilimuuliza anatoka wapi, akasema Kipushi. Nilimuuliza jina lake, akanirudishia swali: "Yako nani?" Nikamwambia. Akatabasamu polepole.

"Njo jina yangu," alisema.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wa mbali. Kwetu, mtu mwenye jina lako ni ndoyi wako. Si neno la mzaha. Ndoyi wa baba yangu ni baba yangu, na nitamheshimu hivyo hata akiwa mtoto mchanga. Watu wawili wakigundua barabarani kwamba ni ndoyi, hupeana mikono na kuambiana maneno tunayoyajua sote bila kufundishwa. Nami nikayasema, kwa furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi wa shida yake:

"Ndoyi! Basi weye ni miye, miye ni weye. Nyumba yangu ni nyumba yako."

"Sema tena," alisema.

"Weye ni miye, miye ni weye. Nyumba yangu ni yako."

"Na mama?"

Nikacheka. "Na mama pia! Mama yangu ni mama yako."

Ndipo alipoingia getini. Ona pia jinsi akili iliyosoma inavyofanya kazi: nilijiambia kwamba ahadi yangu haijavunjika. Nilikuwa nimeapa kuchunga mimi mwenyewe, na ndoyi wangu ni mimi. Nilijisifu hata kwa werevu huo.

Nilimwonyesha kila kitu: chakula kidogo cha kubana kwa vidole, maji ya kulaza, kikombe cha saa za umeme kukatika. Samaki wale, ambao hujificha nyuma ya mawe mgeni akikaribia, walikuja wote mbele ya kioo na kutulia. Alipouweka mkono ndani ya maji niliona kwamba vidole vyake vilikuwa vimejikunja ngozi, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Nilidhani ni dobi. Nikampa ufunguo.

Sasa niseme jambo ambalo siku ile halikunijia akilini kabisa. Mimi sikuwa mtoto wa kwanza wa mama. Kabla yangu kulikuwa na kaka, wakati baba akifanya kazi Kipushi. Alikufa mdogo ndani ya shimo la zamani la mgodi lililojaa maji ya mvua, na mwili wake haukupatikana. Nilipozaliwa, jina lake lilirudishwa kwangu, kama familia nyingi zinavyofanya. Nyumbani hakutajwa. Jina letu ni la kawaida sana. Karibu kila mtaa una mtu anayeitwa hivyo. Kwa nini ningemfikiria yeye?

Mitwaba, ili upate mtandao, lazima upande kilima nyuma ya misheni. Mara ya kwanza nilipompata mama kwa simu, alikuwa na furaha.

"Macho inapona," alisema. "Na nimefurahi vile ulinieleza jana, samaki inazaa."

"Jana, mama? Sikukupigia jana."

"Eh! Umesahau? Tuliongea mpaka unité za simu zikaisha."

Nilidhani dawa zinamchanganya. Mara nyingine nilimpigia Mama Solange ili nijue hali ya nyumba.

"Prof, unanipigia simu juu ya nini?" aliuliza. "Si uko hapa? Nakuona pale uani, mu parcelle yenu, unajaza bidoni. Kama unataka chumvi, pita tu!"

"Niko Mitwaba, Mama Solange."

"Mitwaba! Na miye niko Paris." Akacheka, akakata.

Nilisimama kilimani nikiwa na simu mkononi. Nilitaka kushuka siku ileile, lakini mvua zilikuwa zimeanza, na malori yalikuwa yamekwama kwenye matope ya barabara. Wanafunzi wangu walikuwa wakinisubiri darasani. Nikafundisha. Kila jioni mikono yangu ilikuwa na unyevu ambao kitambaa hakikuweza kuukausha.

Barabara ilipofunguka nilirudi juu ya lori la mahindi. Nilifika Katuba mchana, nikiwa nimejaa vumbi, nikasukuma geti letu. Mama alikuwa amekaa sebuleni karibu na tangi. Alikuwa amerudi bila mimi kujua. Macho yake yalikuwa safi. Ukungu haukuwapo. Alikuwa akitunga uzi kwenye tundu la sindano, kitu ambacho hakuwa amekiweza kwa miaka. Narudia: alikuwa akiona.

"Mama," nilisema.

Aliinua uso, akanitazama vizuri, kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la upole ambalo humpa kila mgeni.

"Ah, weye njo ndoyi ya mutoto wangu," alisema. "Alinieleza utakuya. Karibu, ikala. Umetoka mbali?"

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwambia mimi ndiye mwanawe. Nilimtajia wimbo aliokuwa akiniimbia nikiwa na homa, kovu langu la goti, maneno ya baba ya mwisho. Alisikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa.

"Njo vile," alisema. "Ndoyi banaelezana yote."

Nilitoa kadi yangu ya uchaguzi, yenye picha. Akaishika karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza uso wake ukakunjika.

"Iyi ni picha ya mutoto wangu," alisema. "Umeipata wapi?"

Akaiweka kifuani, ndani ya kitambaa chake, wala hakunirudishia. Kisha, kwa kuwa ni mwema, akaniletea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, pamoja na maji ya kunawa, kama anavyopewa mgeni. Nilikula machozi yakishuka. Akaniuliza kama nina mama. Ungejibu nini?

Wakati huo ndoyi wangu aliingia kutoka uani, akibeba bidoni. Alikuwa amevaa shati langu. Nimejiuliza mara nyingi kama uso wake ulikuwa wangu, na jibu ni kwamba sijui tena. Sikumbuki vizuri uso wangu ulivyokuwa. Vidole vyake lakini niliviona. Vilikuwa vikavu na laini.

"Ndoyi," alisema, "kuya nikusindikize."

Tulitembea hadi getini kwa utaratibu, kama mwenyeji na mgeni wake. Mama alitupungia mkono.

"Nirudishie," nilimwambia.

"Nini?"

"Mama."

"Nilikuuliza: na mama? Ukajibu: na mama pia. Ulikuwa unacheka, lakini ulisema." Hakuonyesha hasira. "Weye ulikala naye myaka yote. Uliimbiwa. Miye nilikuwa mu maji ya Kipushi, namusikia anasema na miye kupitia ile kioo, kila siku, na mukono yake haifike. Juu ya nini weye tu?"

Ndipo nilipomjua. Ndipo nilipojua pia mama alikuwa akizungumza na nani miaka yote ile, na kwa nini alitaka mkono wangu peke yake uguse yale maji. Nilitafuta chuki moyoni mwangu na sikuipata yote. Alikuwa kaka yangu. Alichodai ni kile ambacho kila mtoto anadai.

"Sasa miye niende wapi?" nilimuuliza.

Alivitazama vidole vyangu. Alifunga geti taratibu, na nikasikia ufunguo wangu ukizunguka.

Nilikwenda kwa Mama Solange. Aliniita "Monsieur" na kuzungumza nami akiwa nyuma ya mlango. Padri wa parokia yetu, aliyenibatiza, alinisikiliza, akaniombea, kisha akaniuliza mimi ni wa parokia gani. Nilirudi Mitwaba, ambako watoto bado wananiita Mwalimu, na neno hilo limenitosha kuishi. Vidole vyangu vimejikunja na havikauki. Nikishika chaki, inalowa. Siku za mvua, ninapopita kando ya shimo lenye maji, nasikia sauti ya mama ikiuliza kama nimekula. Nasimama. Najibu. Najua haisemi nami.

Kila likizo nashuka Lubumbashi na kupita mbele ya nyumba yetu. Mama akinikuta ananisalimu: "Yambo, ndoyi. Mutoto wangu eko muzima." Amenenepa, anacheka. Sijawahi kumwona na furaha kama hiyo, na sina haki ya kuivunja. Lakini ni mama yangu.

Kwa hiyo, wewe unayesafiri na kuacha nyumba, samaki, mgonjwa au chochote ulichoapa kukitunza: usimkabidhi mtu kwa sababu tu anaitwa kama wewe, na usiyaseme yale maneno ya ndoyi kabla hujajua yeye ni mtoto wa nani na analala wapi.

Nawe uliye Lubumbashi, nina ombi moja. Ukipita Katuba ukamwona mwanamke mzee, mwenye macho safi, amekaa mlangoni na nyuma yake kunang'aa tangi la samaki, msalimu kwa niaba yangu. Usimwambie zaidi ya hili: mtoto wako wa pili naye alirudi.