Goti Lililopona Daftarini

Watu wa kanisani husema nina moyo wa ukarimu, kwa sababu ushirika wetu wa Jumapili alasiri hukutana sebuleni kwangu. Sijawahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba sipendi kutoka nyumbani. Nilipoambiwa kwamba waumini wa mtaa wetu wanaosali kwa Kiswahili wanatafuta mahali pa kukutana, niliona mara moja hatari iliyokuwepo: wakikutana kwa mtu mwingine, itanibidi nivae viatu. Nikatoa nyumba.

Nashona sare za shule. Cherehani yangu iko dirishani, na kutoka hapo naona mapaa ya mabati yakishuka mlimani hadi soko la Kalerwe, ambako mke wangu anauza maharagwe. Yeye ndiye anayetoka. Mtu akitaka kujua Kampala ikoje, namwelekeza kwake. Tulitoka magharibi mwa Kenya tukaja hapa kwa mwaka mmoja, na nadhani mwaka huo bado unaendelea.

Ushirika wetu una watu kama kumi na wawili. Kiongozi ni mzee mmoja Mganda, polisi mstaafu, ambaye sote tunamwita Afande. Kiswahili chake alikiokota kambini, kikiwa kimeshavuliwa mapambo yote. Yupo pia mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge, mwenye goti bovu la kulia. Nyumba yangu iko juu ya ngazi ishirini na tatu zilizochongwa kwenye udongo, na kila Jumapili tunamsikia akipanda huku akinung'unika peke yake. Akiingia anaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango na kusema, "Bwana katibu, Mungu atakuuliza juu ya ngazi zako."

Katibu ni mimi. Nilipewa cheo hicho kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Kazi yenyewe ni kutunza kaunta buku la maombi. Kila ukurasa una safu mbili, Ombi na Jibu. Mtu akitaja haja yake naiandika kwa wino wa buluu. Haja ikitimia, anasimama kutoa ushuhuda, nami naandika mbele yake kwa wino mwekundu: Bwana amejibu. Na kila mwaka, siku ya kuadhimisha kuanza kwa ushirika, katibu husimama na kusoma wino mwekundu wote, kisha tunakula.

Miaka ya mwanzo kazi ilikuwa tamu. Watoto walifaulu, pikipiki iliyoibwa ikaonekana, mwenye nyumba mkali akalainika. Lakini nafasi tupu nazo zilikuwa zikiongezeka. Kurasa zikaanza kufanana na mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Nami nikaanza kumwonea Mungu huruma. Nilijiuliza, mgeni akilifungua daftari hili, atamfikiriaje? Nikaona nimsaidie kidogo.

Nafasi ya kwanza niliyoijaza ilikuwa ya ombi langu mwenyewe. Nilikuwa nimeomba kaka yangu apone. Ndiye aliyenifundisha kushona, akinipiga rula vidoleni kila pindo likipinda. Tuliomba miezi minne, na akafa. Baada ya mazishi nilikaa na daftari nikaandika: Bwana amejibu kwa njia yake. Niliandika vizuri, mstari umenyooka kabisa. Kisha nikaacha kuomba.

Hakuna aliyejua. Mbele ya watu niliomba kama kawaida, tena kwa sauti nzuri. Peke yangu, hata neno. Mwaka mzima nilikuwa katibu wa maombi asiyeomba. Swali nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, ulikuwa wapi, lakini niliogopa kwamba nikiliuliza kwa sauti imani yote itafumuka kama pindo lisilofungwa fundo, na baada ya hapo sitakuwa na Mungu wala sitakuwa na hawa watu wanaokunywa chai yangu. Kwa hiyo nikaendelea kujaza nafasi za wengine. Ukishaanza kumsaidia Mungu, huoni pa kuishia.

Siku ya maadhimisho ikafika. Mke wangu alipika kuku na chapati. Nikasimama na daftari langu, nikasoma. Kila jibu liliitikiwa kwa "amina", nami nikanogewa, nikawa nasoma kama mtangazaji wa mpira. Nikageuza ukurasa na kusoma kwa sauti ileile, "Goti la mama yetu limepona. Bwana amejibu."

Hakuna aliyesema amina. Mama akalitazama goti lake, kisha akanitazama mimi.

"Goti ya nani?"

"Lako, mama," nikasema, na sauti ya mpira ikawa imekwisha.

"Hii yangu? Kama ilipona, mbona haikuniambia?"

Sebule ilipasuka kwa kicheko. Kijana mmoja fundi wa kuchomelea vyuma kule Katwe alilazimika kuweka chini kikombe chake. Mama mwenyewe alicheka hadi akalishika goti lilelile, kwa maana kicheko nacho kilikuwa kinaliumiza. Mimi nilicheka pia, kwa matumaini kwamba jambo litapita.

Afande hakucheka. Alininyooshea mkono. "Leta buku."

Akasoma polepole, akifuata mistari kwa kidole, na nikawahurumia wote waliowahi kukaa mbele ya meza yake kituoni. Kidole kikasimama.

"Na hii? Kaka yako. Sisi nalikaa hapa kwa matanga, siku tatu. Hii nyekundu naliandika nani?"

Ningeweza kusema kwamba njia za Mungu ni nyingi. Maneno hayo ninayo mengi, ya saizi zote, kama sare. Lakini nilikuwa nimeshacheka, na mtu akishacheka ni vigumu kurudi kuwa mtakatifu upesi.

"Mimi," nikasema. "Niliandika kwa sababu niliogopa kuacha wazi. Sijaomba mwaka mzima, Afande. Naomba hapa tu, mbele yenu. Sijui kama alitusikia. Na nyinyi mkisimama kusema amewajibu, naona wivu."

Mke wangu akanigeukia. Ndiye aliyesema kwanza.

"Mwaka mzima? Asubuhi nikikuona umefumba macho, mimi natembea kwa vidole nisikusumbue. Kumbe ulikuwa umelala?"

"Siku nyingine," nikasema.

"Haya. Nirudishie subira yangu." Lakini alikuwa amesogea akakaa karibu nami, na mkono wake ulikuwa mgongoni mwangu.

Nilitazamia kuvuliwa ukatibu hapohapo. Badala yake Afande alilifunga daftari na kuliweka mapajani.

"Mimi nalifanya polisi miaka mingi," akasema. "Shahidi ikikuja na maneno yote imenyooka, hiyo naweka kando. Ile nasema, hapa naliona, hapa sikuona, hapa sijui, hiyo ndiyo napeleka kotini. Wewe nalitengenezea Mungu ushahidi. Nani nalituma wewe?"

"Hakuna, Afande."

"Yeye nalikuomba?"

"Hapana."

"Basi."

Mama akajisogeza kwenye kiti chake. "Miye goti inaniuma kila siku," akasema. "Nilimuuliza Mungu sababu, mpaka leo hajaniambia. Ile unasikia nikinung'unika kwa ngazi zako, unafikiri nasema na nani? Namugombeza. Ngazi ya kwanza nakuwa na hasira kabisa. Nikifika huku juu, tumeshazungumuza mambo mingi."

Yaani miaka yote ile nilidhani analaumu ngazi.

Afande akaniamuru nilete rula. Nikapiga mstari mwekundu juu ya kila jibu la kubuni, nikianza na la kaka yangu, kisha nikachora safu ya tatu na kuandika juu yake: Swali. Nilidhani itakaa tupu. Ilijaa kabla chapati hazijapoa. Yule kijana wa Katwe alisema aliomba kazi pamoja na rafiki yake, yeye akapata, rafiki akakosa. Sasa hajui ashukuru vipi rafiki akiwa amekaa palepale. Mke wangu aliuliza kwa nini Mungu anasubiri aambiwe mambo anayoyajua tayari. Mtu mmoja aliuliza jambo ambalo sitaliandika hapa, akalia, na wengine wakalia naye, kisha wakataka chai zaidi. Hata Afande alikuwa na swali lake, ambalo nadhani lilitoka naye kambini. Sijawahi kuona watu wakimtaja Mungu kwa uchangamfu kama ule. Siku za ushuhuda mtupu nusu yao walikuwa wakisinzia.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye cherehani nikamwuliza. Sikufumba macho, nisije nikatuhumiwa tena. Nilisema, ulikuwa wapi kaka yangu alipokuwa anakufa? Nikangoja nimeshika kola ya shati la mtoto wa watu. Sikusikia sauti yoyote ila ya soko. Lakini nilijua ninazungumza na mtu, jambo ambalo mwaka mzima sikulijua, na nikajikuta nimemsimulia mengine mengi kuhusu kaka, rula ile na vidole vyangu, hadi nikawa nacheka peke yangu. Imani haikufumuka. Kila nguo ninayoshona naivuta mshono kwa nguvu kabla ya kuitoa, ndiyo kazi yenyewe. Imani hii moja tu ndiyo niliyokuwa nikiibeba kwa ncha za vidole, bila kuivuta.

Swali langu bado liko kwenye safu ya tatu, na mbele yake hakuna wino mwekundu. Naliuliza karibu kila siku. Siku hizi najua hata saa ambayo napenda kuliuliza, maharagwe yakiwa jikoni na mvua ikigonga mabati.

Goti nalo halijapona. Kwa hiyo Jumapili, ikikaribia saa kumi, nashuka ngazi zote ishirini na tatu kwenda kumpokea mama chini, naye ananishika bega tunapanda. Nilidhani nakwenda kumsaidia. Kwa kweli nakwenda kusikiliza. Ngazi ya kwanza ni mkali sana, na kufika ya kumi ameanza kumsimulia Mungu habari za wateja wake, na wakati mwingine ananiachia nafasi niingize swali langu.

Mke wangu anasema ushirika umepata muujiza wa kuandikwa kwa wino mwekundu, tena una mashahidi: bwana katibu amevaa viatu.