Mchanga Katika Uji wa Mtoto

Asifiwe Mungu, anayewalisha ndege wasio na ghala na watoto wasio na meno. Kwa rehema zake nimezeeka nikiwa na kumbukumbu hii, ingawa wakati ule sikuiona rehema. Niliona mchanga.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, pale Nchelenge. Nilikuwa nimeolewa kutoka ng'ambo ya ziwa Mweru, upande wa Kongo, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa. Titi langu moja likafanya jipu. Lilipopona halikutoa maziwa tena, na lile la pili likawa linapungua. Mtoto alinyonya, akaliacha, akalia, akalirudia. Nilipomfunga mgongoni nilimhisi mwepesi, na wepesi ule ulinitisha kuliko kilio chake.

Nesi wa misheni hakunizungusha. Alisema, "Uji wa muhogo peke yake unajaza tumbo tu. Tia karanga za kutwanga, au unga wa samaki. Bila hivyo, mama, huyu atakwisha mbele ya macho yako."

Karanga zilizobaki nyumbani zilikuwa za mbegu, na hakuna aliyethubutu kuzigusa. Mume wangu alikuwa kwenye kambi ya wavuvi, katika kisiwa cha Kilwa kilicho humo humo ziwani. Ikabaki chisense, wale samaki wadogo weupe, jamaa ya dagaa, ambao sisi wanawake tuliwachota kwa kitenge majini karibu na nchi kavu. Siku za upepo hawakusogea ufukoni, kwa hiyo ilikuwa lazima wakaushwe na kuwekwa. Na kwetu samaki hao walianikwa pale pale ufukoni, juu ya mchanga. Mtu mzima hutafuna, akisikia chembe anatema, anaendelea kula. Hakuna aliyeona kuwa ni tatizo.

Niliwatwanga, nikachekecha kwa kitambaa, nikapika uji, nikaubariki. Mtoto akapokea kijiko kimoja, akakunja uso, akautema wote kifuani pangu kabla sijasema Amina. Nilionja. Mchanga ulilia kwacha kwacha kati ya meno yangu.

Nikachekecha tena. Mchanga wa Mweru ni laini kama unga wenyewe, vilipita pamoja. Nikaloweka unga ule majini ili mchanga uzame. Ulizama, na nyama ya samaki nayo ikazama juu yake, nikabaki na maji yenye harufu. Niliomba uvumilivu. Nakiri sikupewa siku hiyo.

Mama mkwe wangu alikaa mlangoni akitazama. Yeye alikuwa wa kabila la Wabemba, na Kiswahili chake chote alikipata kwa kuuza samaki kwa watu wa kwetu. Alimwita mjukuu wake kama alivyowaita wateja.

"Karibu, bwana! Kula! Ni ya leo, haiko ya jana! Unakataa sababu gani?"

"Mama, ni mchanga."

"Mchanga? Bwana yako alikula mchanga huu huu, angalia mabega yake!" Kisha akacheka. "Weye, mutoto yako ni muzungu. Umutafutie meza na kitambaa."

Sikucheka. Nilimheshimu, nikainamisha kichwa, lakini ndani nilichemka kuliko sufuria.

Asubuhi iliyofuata niliingia majini na wenzangu. Samaki wangu sikuwamwaga chini. Niliwabeba kwenye beseni mpaka nyumbani, nikawatandaza kwenye ungo juu ya paa la jiko. Wenzangu walipiga kelele nyuma yangu: "Anawapeleka shule!" Mchana mvua ikanyesha, wakaoza. Nikachota wengine. Kunguru wakala. Mara ya tatu niliweka ungo juu ya kinu kilichopinduliwa, nikakaa hapo na fimbo. Mtoto alilia ndani, nikaenda kumtoa, na nilipogeuka, mbuzi wa jirani alikuwa ameusukuma ungo. Samaki wote walikuwa wametapakaa uwanjani, mchangani.

Niliketi chini. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sikufundishwa kwenye katekisimu. "Bwana, uliwalisha maelfu kwa samaki wawili. Mimi naomba wa mtoto mmoja, na wasiwe na mchanga!"

Mama mkwe hakucheka safari hii. Alimpapasa mtoto mbavu. Kesho yake, niliporudi na beseni lingine, aliichukua ile fimbo yangu, akakaa kando ya ungo jua lote akifukuza mbuzi, kunguru na mabata kwa matusi ya lugha mbili.

Wakakauka. Nikatwanga, nikapika, nikaonja polepole kwa meno ya mbele, kisha ya nyuma. Laini kabisa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikainua kijiko.

Mtoto akafunga mdomo.

Nikambembeleza, nikaimba. Akageuza shingo. "Mama, hata hajauonja!" nililalamika kwa mama mkwe, kana kwamba yeye ndiye aliyekataa.

"Anaogopa hicho kijiko," alisema. "Kimemudanganya mara mingi."

Nilikiweka chini kwa hasira, uji ukanirukia mkononi. Nikaulamba kwenye kidole. Mtoto akaniangalia nikila. Akauvuta mkono wangu kwa mikono yote miwili, akakiingiza kidole mdomoni, akanyonya. Nikachovya tena. Akanyonya tena, akaning'ata kwa ufizi mgumu, akapiga kelele nilipochelewa. Bakuli likaisha kidole kwa kidole, na mgongo ukaniuma kwa kuinama.

Aliomba zaidi, na unga uliobaki haukujaza hata kiganja. Nje upepo ulikuwa umeanza kuinuka ziwani. Nikamkabidhi kwa bibi yake, nikafunga kitenge kiunoni, nikateremka haraka majini kabla samaki hawajaondoka. Nilinung'unika njia nzima, na njia nzima nilishukuru.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie mikono isiyochoka kwa ajili ya anayekutegemea, na anayekutegemea ajaliwe kufungua mdomo. Amina.