Neno la Mwisho la Marehemu

Siku yangu ya kwanza redioni nilipewa kazi ya kufa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, nikachunga ng'ombe Ibadakuli, nikachimba dhahabu Nyarugusu, nikaishia kubeba mizigo sokoni Nyasubi, Kahama. Hapo Mtayarishaji wa Michezo, mama mmoja mkali, alinisikia nikiwafokea watu wanipishe, akasema sauti hiyo anaitaka.

Tuliigiza hadithi za zamani za upelelezi kutoka ng'ambo, tukizihamishia kwetu. Ninyi vijana mnarekodi kwa simu. Sisi nyayo za muuaji zilikuwa changarawe kwenye karai, na mswada, yaani maandishi ya mchezo, uliushika kwa vidole viwili usitoe mlio. Marehemu wangu alikuwa mchimbaji aliyeuawa na mkwewe kwa deni la ng'ombe. Dalili pekee ilikuwa neno analotamka akikata roho: mahari.

Nikakata roho vizuri. Mpaka leo nasema hivyo.

Wiki hiyo wasikilizaji wa Nyarugusu wakapiga simu, wote wakimtaja mbia wa marehemu, eti waligombea mahali pa kuchimba. Mkwe hakutajwa kabisa. Mtayarishaji akaniita.

"Baba Kulwa, ulisema nini pale?"

"Mahali, mama."

"Yenye r au yenye l?"

"Hiyo hiyo uliyoandika."

Akasema sehemu ya mwisho inarushwa Ijumaa, na isipoeleweka nitarudi kwenye magunia yangu. Sikuelewa kosa liko wapi. Kwetu Wasukuma maneno hayo ni kama watoto wangu pacha, Kulwa na Doto: mimi baba yao nawachanganya.

Mtayarishaji akachana ukurasa wa mwisho, akamfunga mbia badala ya mkwe. Nyarugusu wakafurahi. Shinyanga mjini wakapiga simu kwa hasira, kwamba walisikia mahari waziwazi na mkwe walishamhukumu. Nikabaki kazini. Kama niliharibu au niliokoa mchezo, hakuna aliyeniambia.

Nilikufa mara nyingi baadaye, hapo Kahama na kwenye kituo cha Geita, chini ya Meneja wa Vipindi aliyependa vifo vifupi. Nilipostaafu, Mtayarishaji alinitumia rekodi ile. Nimeisikiliza mpaka nimechoka, sijui. Jana nikamwekea mke wangu, anachambua mchicha, nikamuuliza marehemu anasema nini.

"Anasema mahali."

"Mahali pa kuchimba, au ile ya ng'ombe?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua.

"Baba Kulwa, si nimekwambia mahali?"