Kamera Niliyoipigania

Nianze kwa kukiri kwamba aibu hii niliitafuta mwenyewe. Kwenye mkutano wa bajeti nilisimama kwa niaba ya sisi wauza vitenge wa sokoni Morogoro, nikasema halmashauri itenge fedha polisi wafunge kamera mji mzima, vibaka wametuchosha, watu wakapiga makofi, nami kichwa kikavimba.

Kamera zilipofungwa nikaalikwa kwenye uzinduzi kituo cha polisi nitoe shukrani. Siku hiyo nikaona muda bado upo, basi nikajibanza nyuma ya mirundo ya ndizi nifanye mazoezi ya hotuba (hapo ndipo nilipojiponza). Namaliza, nageuka, mkoba sina. Aliyekuwa karibu ni Mzee Salehe peke yake, mpakiaji wa ndizi zinazotoka Matombo, mtu wa rika la baba yangu ambaye kila asubuhi namwamkia. Nikawaambia vijana wa bodaboda ni huyu, mshikeni, mimi nawahi polisi.

Kule nikakuta madiwani na wageni wengine wamekaa mbele ya skrini kubwa. Badala ya shukrani nikatoa malalamiko ya wizi. Inspekta, mama mmoja mtaratibu, akasema vizuri, tupate mfano, akafungua kamera ya sokoni. Mzee Salehe alikuwa ameketishwa chini, vijana wamemzunguka, mmoja ameshavua mkanda. Inspekta akaongea kwenye redio ya upepo, na baada ya muda ambao mimi niliuona mrefu sana, askari wawili wakaingia kwenye picha, vijana wakatawanyika.

Kisha akarudisha picha nyuma. Nikajiona nainamia mikungu ya ndizi kwa heshima, naupa mkono mkungu mmoja (huyo ndiye mgeni rasmi), natabasamu, navuta juu gaguro lililochungulia chini ya gauni. Diwani wetu akakohoa, ila kile hakikuwa kikohozi. Na kabla ya yote hayo nilionekana nikiweka mkoba ndani ya tenga tupu, nikaufunika kwa jani la mgomba usipate vumbi. Muda wote huo Mzee Salehe alikuwa amenipa mgongo, anapakia.

“Mama, mwizi yuko wapi hapo?” inspekta akauliza, bila kebehi.

“Ni mimi,” nikasema.

Nilirudi sokoni nikapiga magoti mbele ya watu wote, nikamwambia shikamoo, nikaomba radhi. Alikuwa anapangusa vumbi kwenye kofia yake, akaivaa kwanza.

“Marahaba,” akasema. “Ila kamera isingekuwepo, mwanangu, leo ungekuja kuniomba radhi wapi?”

Hotuba sikuitoa, na wauza vitenge wenzangu wakinitaka niwasemee mkutanoni nawaambia watafute mwingine. Kamera naona zina faida, ila kidole changu hiki sikinyooshi tena kwa mtu kabla sijakaa chini nikakumbuka mikono yangu mwenyewe imefanya nini.